Mwanamke Haoi

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya Waingereza, sehemu sita tu, na tuliitazama sebuleni kwangu huku ughaibuni, mtaa wa Lawrence Heights, kila Jumapili baada ya misa, sehemu moja moja ili isiishe haraka. Mwanamke anaendesha gari la maktaba vijijini. Mwanamume aliyefiwa na mkewe anatengeneza piano. Wanapendana tangu siku ya kwanza na kijiji kizima kinajua, wao tu ndio hawajaambiana.

Watazamaji wa kudumu tulikuwa watatu. Mimi, jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye ni bibi wa Kigoa aliyezaliwa Mombasa na karani mstaafu, na rafiki yangu Mkenya anayeendesha basi la shule. Wa nne alikuwa binti yangu, aliyekuja kutoka kwake, mtaa wa Regent Park. Ana miaka ishirini na minane. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Hukaa kwenye mkono wa kochi na kututazama sisi zaidi kuliko anavyotazama televisheni.

Hatukukubaliana hata siku moja. Bibi alimtetea yule fundi piano. "Ana adabu," alisema. "Marehemu mume wangu alikunywa chai kwa baba yangu miaka mitatu kabla hajathubutu kusema neno."

"Miaka mitatu? Ningekuwa nimeshahama," rafiki yangu akajibu. "Huyu jamaa ni muoga tu. Aseme ama atoke, watu wana job kesho."

Mimi malalamiko yangu yalikuwa mengine. Sikumwona shangazi yeyote. Watu wazima wawili wanaombana radhi mpaka chai inapoa, na hakuna ndugu wa kumtuma mshenga akamalize jambo kwa nusu saa. Nilisema hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili walinicheka.

Inabidi niseme kwamba nyumbani Morogoro nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, darasa la tano. Hapa nakaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, lakini kalamu nyekundu haikutoka mkononi. Nikiona tangazo la kanisa lenye kosa la ngeli, nalisahihisha palepale ukutani. Binti yangu alipokuwa mdogo nilimsahihisha mezani, bafuni, kwenye simu na bibi yake. Siku moja, akiwa na miaka minane, alianza kujibu kwa Kiingereza. Nililaumu shule, nikalaumu televisheni, na kwa miaka ishirini nilimwambia kila aliyenisikiliza kwamba ningetoa chochote nimsikie mwanangu akiniambia jambo la maana kwa lugha yangu.

Sehemu ya tano iliishia kwenye maegesho ya magari, mvua inanyesha. Mwanamke wa maktaba alichoka kusubiri. Alimshika fundi piano mkono wa koti, akamuuliza yeye mwenyewe kama watafunga ndoa. Picha ikakatika hapo.

Rafiki yangu akapiga makofi. "Huyo mama ameoa!"

Tulicheka sana. Bibi akasema siku zake msichana wa namna hiyo angepelekwa kwa padri. Mimi nikasema ndiyo matokeo ya kukosa shangazi. Katikati ya vicheko hivyo binti yangu akasema, polepole, kama mtu anayevuka barabara yenye barafu:

"Na mimi pia. Nataka kumuoa mtu."

"Kuolewa," nikamwambia. Sikugeuka hata kumtazama. "Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mwanamke haoi. Hebu rudia."

"Nataka kuolewa," akarudia.

"Vizuri," nikasema, nikaenda jikoni kuongeza chai.

Niliporudi alikuwa amevaa koti. Aliniaga vizuri, akasema ana nguo za kufua. Bibi alikuwa ananitazama, nikadhani anataka sukari.

Jumapili iliyofuata binti yangu hakuja. Alituma ujumbe kwa Kiingereza, mstari mmoja, kwamba amechoka. Nilimwekea pilau pembeni, tukaanza sehemu ya sita. Mvua ileile, koti lilelile, na mwanamke bado anangoja jibu. Fundi piano akamtazama usoni, akatazama gari la maktaba, kisha akamwambia kwamba ameacha taa zake zinawaka.

Nilisimama. Sijawahi kuikasirikia televisheni kiasi kile. "Huyu ni mtu wa namna gani? Mwenzako amekufungulia moyo, amejikaza mpaka amepata ulimi wa kusema, wewe unamwambia habari za taa!"

Rafiki yangu aliunga mkono kwa Kisheng ambacho sikukielewa. Bibi peke yake ndiye hakumshambulia wala kumtetea. Aliweka kikombe chake kwenye kisahani.

"Na wewe, mama," akaniuliza kwa upole, "Jumapili ile mwanao alikwambia nini? Na wewe ukamjibu nini?"

Nilikaa chini. Miaka ishirini nimeomba neno moja. Lilipokuja, tena zito kuliko yote, nililitia alama nikaenda kuchemsha maji. Hata kosa lenyewe hakulitunga, alilichukua kwetu, kwenye mzaha wetu, dakika hiyohiyo. Mwisho wa tamthilia siujui mpaka leo. Wenzangu wanasema ulikuwa mzuri.

Nilichukua lile pilau na kachumbari, nikapanda treni ya chini ya ardhi, kisha tramu. Njiani nilipanga hotuba. Nilipanga kuomba radhi, kueleza, kuuliza ni nani, wa wapi, wa dini gani, wazazi wake wanafanya nini. Nilipofika mlangoni kwake hotuba yote ilikuwa imeyeyuka. Alifungua akiwa amevaa soksi na fulana ya kulalia, ingawa ilikuwa bado mchana, na macho yake yalikuwa na tahadhari ambayo niliitambua. Ni macho ya mwanafunzi anayerudishiwa daftari.

Nikamnyooshea lile bakuli.

"Huyo unayetaka kumuoa," nikasema, "anakula pilipili?"

Alilipokea bila kuachia mlango. Nadhani alikuwa anasubiri nijisahihishe. Sikujisahihisha.

"Anakula," akasema kwa Kiswahili. "Lakini macho zake inalia."

Makosa mawili. Niliyasikia yote, nikayaacha hapo mlangoni pamoja na viatu vyangu, nikaingia.