Mjusi Aliyekataa Uji wa Koko

Juzi mteja mmoja aliniletea simu iliyovunjika kioo, hapo dukani kwetu Pinetown. Nilipomaliza kukibadilisha nikaiwasha nione kama inashika, na picha iliyojitokeza ilikuwa ya mjusi. Si wale mijusi wa ukutani tunaowafukuza kwa ufagio. Huyu alikuwa mkubwa, rangi ya mchanga, miiba shingoni kama ndevu za mzee ambaye hajanyoa. Mteja akacheka, "Usiogope dada, haumi." Sikuwa naogopa. Nilikuwa nimerudi darasa la tano, nyumbani kwetu ghorofa ya pili, Berea, Durban, nimepiga magoti mbele ya boksi la kioo nikihesabu pumzi za mnyama.

Ngoja nikusimulie, maana kisa hiki sijawahi kukimaliza hata kwa mume wangu.

Mjusi yule alikuwa wa shule. Tulimwita Bosi kwa sababu hakuna aliyeweza kumfanyisha asichotaka. Kila likizo mwalimu wetu wa sayansi alimpa mwanafunzi mmoja aende naye nyumbani, na kila likizo mimi nilinyoosha mkono mpaka bega likauma. Nilikuwa mtoto pekee wa Kikongo darasani. Wapo walioniita kwerekwere, yaani mgeni asiyetakiwa, na mmoja alisema wazi kwamba nikipewa Bosi nyumbani kwetu tutamla. Basi likizo ile ya baridi mwalimu aliponitaja mimi, darasa zima liligeuka kunitazama. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Bosi akifia mikononi mwetu, hakuna ambaye angeuliza amekufa kwa nini.

Mwalimu alinieleza mara mbili, kisha akataka nimrudishie kwa maneno yangu. Baridi ikizidi, Bosi anaweza kuacha kula. Huo si ugonjwa, ni usingizi wa majira ya baridi. Asilishwe, kwa sababu mwili wake ukipoa chakula hakisagiki, kinaozea tumboni na kumuua. Akiacha kula nizime taa yake ya joto, nimwache. Ila akiwa na chakula tumboni, taa iwake. Nilikariri maneno yale kuliko aya yoyote ya kanisani.

Nyumbani mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka saluni na vidole vimekakamaa kwa kusuka, alisimama mlangoni akaniuliza kama nimerogwa. "Hii nyama italala wapi? Hapa kwangu? Jamais!" Aliyeniokoa ni bibi yangu. Tulimwita Koko, kama Wakongo wengi wanavyowaita bibi zao. Alikuwa amefika kutoka Uvira miezi miwili tu kabla, na tangu afike alikuwa mtu wa kukaa kwenye kochi, kitenge mabegani, akitazama jengo la ng'ambo ya barabara. Kiingereza hajui, Kizulu hajui, shamba hana, jirani wa kumuuliza ameamkaje hana. Lakini alipomwona Bosi aliinuka, akamzunguka na kumkagua kama mbuzi wa mahari.

"Wacha akae," alisema. "Na yeye iko mugeni."

Wiki ile ya kwanza nyumba yetu ilichangamka. Asubuhi, teksi zikipiga honi kule chini kuita abiria, Koko alikuwa tayari yuko jikoni akimkatia Bosi majani ya maboga vipande vidogo vidogo. Bosi alikula mkononi mwake, ulimi ukimtekenya kiganjani, na siku moja Koko akacheka kwa sauti. Mama alitoka jikoni na mwiko unaodondoka mafuta ya mawese, amekuja kuona ni nani anayecheka. Nilifurahi sana siku ile, nadhani zaidi ya nilivyofurahi kupewa mjusi.

Kisha baridi ikaingia. Najua watu wa Joburg huicheka baridi ya Durban, lakini fleti yetu ilitazama kusini na jua tulilisikia kwa jirani tu. Bosi akaanza kuacha majani. Siku ya pili akageuza kichwa. Siku ya tatu akajichimbia chini ya gome lake, macho yamefumbwa. Nikazima taa kama nilivyoagizwa, nikaenda kumweleza Koko.

"Koko, haiko mugonjwa. Iko nalala. Mwalimu alisema tumuache."

"Mwalimu wako alizaa watoto wangapi?"

"Sijui, Koko."

"Bon. Mimi nilizaa saba. Kitu kikifunga kinywa, iko nakwenda. Leta buyi."

Buyi ni uji. Na kwa uji, Koko alikuwa fundi. Kule Uvira watoto wa mtaa mzima waliokataa kula waliletwa kwake. Alikaa chini miguu ameinyoosha, mtoto akalazwa mapajani, kiganja kikakunjwa chini ya mdomo kama kijiko na uji ukamiminwa humo mpaka mtoto asiweze kuvuta pumzi bila kumeza. Mtoto alilia, alimeza, alipona. Alimfanyia Bosi vivyo hivyo, akimfungua mdomo kwa ukucha wa kidole cha mwisho. Na aliyeshika miguu ya Bosi isitapetape ni mimi, mimi niliyekariri kila kitu.

Utaniuliza kwa nini sikumkatalia. Kwetu mtoto hamkosoi bibi yake, labda awe anatafuta laana. Jioni ile nilimfuata mama jikoni kumshtakia, nikitumaini atanisaidia. Alipunguza moto chini ya sufuria ya sombe, kisamvu chetu, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Wakati wa vita, wakiwa njiani wanakimbia, Koko alikuwa na binti wa miaka mitatu. Mtoto alifunga kinywa, akakataa kila kitu, na hapakuwa na hata uji wa kumlazimisha.

"Siku ya nne akaisha," mama alisema. "Wacha Koko afanye. Ni mujusi tu."

Basi Koko akamlisha asubuhi na jioni, siku tatu. Tumbo la Bosi likavimba, likawa gumu kama ndimu mbichi. Ngozi ya chini ya kidevu ikageuka nyeusi. Niliacha hata kushuka kucheza. Nilikaa mbele ya boksi nikihesabu: pumzi moja, halafu kimya kirefu mno, halafu nyingine. Katika kile kimya niliyaona macho ya darasa zima.

Siku ya nne, jioni, Koko akaja na kikombe chake. Sikusogea.

"Pisha, mama," alisema kwa upole. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Koko, uko namuua," nikasema. "Uko namuua na hii buyi yako."

Mama alitoka jikoni akanyanyua mkono anizabe kofi, Koko akamshika. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alikitazama kikombe, akakiweka mezani, akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu.

Niliwasha taa ili uji ule usagike, jambo nililopaswa kulifanya tangu kikombe cha kwanza, na haikupita nusu saa, umeme ukakatika jengo zima. Ilikuwa miaka ile ya mgao. "Eish!" jirani alisikika koridoni. Nikahisi kioo kinapoa chini ya viganja vyangu, nikaanza kulia kwa hasira. Ndipo niliposikia jiko la gesi likiwashwa. Koko alitokea na chupa mbili za maji ya moto, amezifunga kwa kitenge chake cha mabegani alichokichana vipande viwili. Akaziegemeza kwenye boksi, moja kila upande, akarudi kukaa. Zilipopoa akaenda kuzijaza tena, na tena, mpaka umeme uliporudi. Bosi mwenyewe, Koko hakumgusa.

Asubuhi boksi lilinuka vibaya ajabu. Sijawahi kukifurahia kinyesi kama siku ile! Tumbo la Bosi lilikuwa limelegea, kidevu kimerudia rangi yake. Nilimkimbilia Koko kumwambia.

"Ni vizuri," alisema, akageukia dirishani.

Shule ilipofunguliwa mwalimu alimgeuza Bosi huku na huku, akasema nimemtunza vizuri, na darasa likanipigia makofi. Niliyapokea yote peke yangu. Habari za chupa sikuzigusia.

Mwaka uliofuata mama alimzaa mdogo wangu. Alipofikia umri wa uji akaanza vituko, anatema, anakaza meno. Mama akampelekea Koko mtoto na kikombe, kama walivyofanya wanawake wa mtaani kwake miaka yote. Koko alimtazama mjukuu wake kwa mapenzi kabisa. Kisha akaificha mikono ndani ya nguo.

"Mupe wewe mwenyewe," alisema. "Mimi naweza kuua."

Mama hakuniangalia, na mimi sikumwangalia.

Koko ametutoka sasa, na wanawake wanaojua kulisha vile hapa mjini sijawaona. Sisi tunanunua vijiko vya plastiki. Kuhusu mjusi nilikuwa sahihi, hata leo nitasema hivyo. Lakini maji ya moto ndiyo yaliyomwokoa, na nilikaa na Koko miaka tisa mingine, meza moja, sahani moja, bila kumwambia. Nilidhani anajua.