Wiki Mbili za Italia kwa Mwendo wa Mashine

Mke wangu Zuhura ni mwalimu wa jiografia. Kwa miaka ishirini na mbili, kwanza Tanga na kisha hapa Johannesburg, ameuchora ubaoni mlima Vesuvio uliokatwa katikati kama keki, chaki ya kahawia kwa mwamba na nyekundu kwa moto wa ndani, bila kuuona. Miaka mitatu iliyopita figo zake zilikufa. Tangu hapo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hukaa saa nne kwenye kiti cha hospitali, mashine ikimsafisha damu. Mtu wa mashine haendi mbali: siku mbili, au tatu ukihesabu mwisho wa juma, kisha lazima arudi. Jioni moja, jikoni kwetu Rosettenville, alisema, "Nataka kuuona ule mlima nikiwa bado naweza kupanda." Hakuwa anaomba ushauri.

Mimi ni mwandishi wa makala, za aina ile ambayo watu husoma kwa kinyozi foleni ikiwa ndefu. Nina shahada mbili na nilikuwa sijawahi kwenda likizo. Sisi wahamiaji hatuendi likizo; tunakwenda misibani na harusini, na tofauti kubwa ni rangi ya nguo. Jirani yetu mwenye spaza, kiduka cha mtaani, aliponiona na begi jipya alisimama kwa heshima akauliza, "Pole sana, kaka. Nani?"

Kwa juma zima nilichora ratiba. Roma, Assisi, Siena, Firenze, Pisa, Bologna, Venezia, Milano, Napoli: miji tisa kwa siku kumi na nne. Niliiwasilisha mezani kama tasnifu. Zuhura aliisoma mpaka mwisho, maana ni mwalimu na hasahihishi kazi ambayo hajaimaliza.

"Hii ni safari," aliuliza, "au tunakimbia polisi?"

Kisha akageuza karatasi, akaanza upya kwa rula. Kwanza aliweka siku za mashine: sita ndani ya wiki mbili. Halafu akatoa sheria. Mashine na treni haviingii siku moja. Jioni ya siku ya mashine ni ya kitanda. Siku inayofuata ndiyo ya nguvu, na siku ya nguvu ina kitu kimoja tu, asubuhi. Baada ya hayo ilibaki miji mitatu: mashine mbili Roma, mbili Firenze, mbili Napoli. Tungehama Alhamisi na Jumanne. Mwezi alichagua wa nne, kwa sababu ya kiu. Yeye huruhusiwa glasi mbili na kidogo kwa siku, mchuzi ukiwemo, na mtu wa glasi mbili hapaswi kuiona Roma ya mwezi wa saba.

Kazi yangu ilikuwa kuandikia hospitali kuomba nafasi. Barua pepe ya kwanza niliiandika kama nilivyolelewa: nilimjulia hali mpokeaji, nikaiulizia familia yake, nikaeleza jinsi tulivyokutana mimi na Zuhura, na ombi lenyewe likaja ukurasa wa pili. Jibu lilikuwa na mistari miwili. Walitaka majibu ya vipimo vya damu na ripoti ya daktari. Barua ya pili niliiandika kama telegramu, na bado ilichukua miezi mitano hospitali tatu kukubali na viza kutoka.

Kuna sharti moja la Zuhura ambalo sikulipinga na nilipaswa kulipinga. Hakuna mtu wetu aliyejua habari ya mashine. Si Watanzania wa Johannesburg, si ndugu zake. "Wakijua," alisema, "wataanza kunisemesha kwa sauti ile ya matanga." Kwa miaka mitatu watu waliamini kwamba siku zile tatu anafundisha masomo ya ziada.

Jumamosi mchana tuliruka, tukabadilisha ndege Addis Ababa, na Jumapili alfajiri tukashuka Roma. Jumapili yote ratiba ilisema "kulala", kwa hiyo tulilala. Mimi nililala kwa shingo upande. Nje ya dirisha kulikuwa na mji wa miaka elfu mbili na zaidi, nami nilikuwa nimefunika uso kwa taulo.

Jumatatu asubuhi tulikwenda hospitali ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kutafsiri, yaani nilikuwa na simu. Muuguzi, mama mnene mwenye miwani kichwani, aliushika mkono wa Zuhura, akautazama mshipa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwingiza sindano zote mbili kabla simu yangu haijamaliza sentensi ya salamu. Mashine ilikuwa ya aina ileile ya Johannesburg. Zuhura alifumba macho. "Mlio uleule," alisema. "Ni kama nimemkuta jirani."

Jumanne, siku ya nguvu, tulikwenda kwenye uwanja mkubwa wa kale, ule wa mapigano. Tulizunguka mara moja, polepole, kisha tukakaa. Kilichomtesa Zuhura Roma si ngazi, ni maji. Barabarani kuna mabomba ya chuma yanayotiririka mchana kutwa, maji baridi, bure, hayana hata koki. Alikuwa akipita kando yake huku akitazama mbele kama mtu anayemkwepa mdai wake. Lakini alipata faraja asiyoitarajia: kahawa. Kikombe ni kidogo kama vile vya kahawa chungu kwetu Tanga, na chenye tone chungu hivyohivyo. "Hawa," alisema, akikiinua, "ni watu wanaonielewa."

Alhamisi tulihamia Firenze, Ijumaa mashine, Jumamosi kanisa kubwa lenye kuba jekundu, kwa nje tu. Jumapili ilikuwa tupu kwenye ratiba, na utupu ule uliniwasha. Pisa ilikuwa saa moja tu kwa treni.

"Nenda," Zuhura alisema. "Mimi nitakaa dirishani."

Nilikwenda. Niliuona mnara umeinama kama ulivyo kwenye picha, nikapiga picha ileile, nikarudi na lengelenge kisiginoni. Zuhura alikuwa dirishani bado. Katika muda ule alikuwa amejua duka la mikate hufunga saa ngapi, mbwa wa jirani anaitwa nani, na mwanamke wa ghorofa ya pili amenuniana na nani. Mimi niliyesafiri sikuwa na la kusimulia.

Jumanne tulipofika stesheni kuelekea Napoli, ubao ulikuwa umejaa maandishi mekundu. Wafanyakazi wa reli walikuwa wamegoma. Niliikumbuka ratiba yangu ya miji tisa, ambayo siku hiyo ingetaka treni mbili na mashine jioni. Ya Zuhura ilikuwa na Jumanne nzima. Tulikaa juu ya mabegi tukala mkate mkavu, na alasiri treni moja ikaondoka nasi ndani yake.

Jioni ile Napoli tulipokelewa na Mwanahawa, binti wa mama mdogo wa Zuhura, ambaye ameishi huko miaka kumi na nne akitunza wazee majumbani mwao. Alitulaki mlangoni kwa vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mezani alikuwa amepanga ndizi mbichi zilizopikwa na nyama kwa tui zito, mchicha wa nazi, na jagi la juisi ya embe. Ndizi alizitafuta siku mbili.

Sasa, mtu asiye na figo akila ndizi, mchicha na embe kwa wingi, potasiamu hupanda mwilini na moyo unaweza kusimama. Hilo daktari alituambia bila kupepesa macho. Kama angeombwa kuandika orodha ya vyakula vya kumtishia Zuhura, angeinakili kutoka mezani pale. Na mashine ilikuwa kesho.

Mtu wa kwingine angesema "asante, sili". Lakini ndugu yako ametafuta ndizi siku mbili katika mji wa Wazungu, utaanzia wapi? Zuhura alinitazama. Mwanahawa alipoingia jikoni kuleta pilipili, nilibadilisha sahani, nikala yake.

Hilo lilikuwa kosa la hesabu. Mwanahawa alirudi, akaona sahani nyeupe.

"Dada! Kumbe ulikuwa na njaa hivyo! Lete."

Akaijaza. Akageuka kufuata taulo, nikala tena.

"Shemeji, na wewe polepole," alisema. "Huko Joburg mke wako hakupikii?"

"Ananipikia, ila kwa kipimo."

"Dada, umemaliza tena? Mashaallah. Lete."

Kwa sahani ya tatu nilikuwa nimelegeza mkanda na jasho linanitoka. Mwanahawa hakuondoka safari hii. Alimimina juisi, akasimama juu ya Zuhura na glasi mkononi. "Kunywa, dada. Hata tone, kwa ajili yangu."

Zuhura aliishika glasi. Niliona ameifikisha mdomoni, na mimi, mwenye shahada mbili, nilikaa kimya. Kisha akaiweka chini.

"Hawa, kaa. Nikinywa hii na kula hizi, huenda nisifike kesho."

Mwanahawa alicheka. "Nimezidisha chumvi?"

Zuhura alikunja mkono wa blauzi. Kwenye kiwiko, pale madaktari walipounganisha mishipa miwili ili mashine ipate njia, ngozi imeinuka kama kamba. "Weka kidole hapa."

Mshipa ule hutetemeka mchana na usiku, kama simu iliyozimwa sauti. Mwanahawa aliuhisi. Hakuuliza ni nini. Uso wake ulibadilika, lakini si kwa namna niliyoiogopa: alikasirika.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Mimi nimemtunza mzee wa mashine miaka minne, hapahapa Napoli. Viazi vyake nilivimenya na kuvichemsha mara mbili, maji ya kwanza namwaga. Potasiamu naijua kuliko jina la mume wangu. Na wewe unanipigia simu kila Idi unaniambia mzima wa afya!" Akalisogeza jagi mbali kwa ghadhabu. Halafu akanigeukia. "Sahani zake umekula wewe?"

"Mbili."

"Mwizi wa ndizi. Nilidhani dada yangu amenenepa moyo." Akafuta macho kwa taulo, akaingia jikoni kuweka wali mweupe. Kutoka huko alipaza sauti: "Na huo mlima mlitaka kupanda na nani? Na huyu?"

Jumatano mashine ilikwenda vizuri. Alhamisi, siku ya nguvu, Mwanahawa aliomba ruhusa kazini, akatafuta gari la kutufikisha mahali barabara ya mlimani inapokomea. Kutoka hapo ni njia ya kokoto inayopanda kwa kona, kwa mtu mwenye afya karibu nusu saa. Mwanahawa alibeba chupa ya maji na kumpimia dada yake kwa kizibo.

Kona ya kwanza, sawa. Kona ya pili wazee wa Kijerumani wenye fimbo walitupita. Ya tatu Zuhura aliegemea uzio, midomo imepauka. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka, kama lifanyavyo mara nyingi baada ya mashine.

"Turudi," nilisema. "Tumeuona vya kutosha."

"Wewe rudi ukaandike makala," alisema, na hakuwa na pumzi ya kuongeza.

Mwanahawa alimkalisha juu ya koti lake, akamwinua miguu, akatazama saa. Hakumbembeleza wala hakumpa pole. Baada ya dakika ishirini alisema, "Hatua thelathini, halafu tunakaa tena. Ukisema hapana, hapana." Zuhura alisimama. Hatua thelathini, wakakaa. Thelathini nyingine. Mimi nilifuata nyuma nikihema kwa ajili ya ndizi za juzi. Ilituchukua saa mbili kasoro robo.

Juu kuna uzio, na ng'ambo yake shimo. Shimo kubwa, la kijivu, kavu, lenye mawe yaliyoporomoka na uzi mmoja wa mvuke kwenye ukuta wa mbali. Hakuna chekundu popote. Zuhura alishika uzio kwa mikono miwili, akatazama muda mrefu sana.

"Nimekuwa nikiwadanganya watoto," alisema hatimaye. "Nawachorea ncha. Hauna ncha! Ni bakuli." Akaanza kucheka, akacheka mpaka Mwanahawa akamshika kiuno.

Ijumaa tulifanya mashine ya sita. Jumamosi Mwanahawa alitusindikiza mpaka Roma, uwanja wa ndege, akiwa na mkate mweupe na maelekezo aliyompa dada yake, si mimi. Jumapili tulikuwa Johannesburg. Nimejifunza kwamba miji mitatu ni mingi, na kwamba ile ratiba nzuri ya Zuhura ilikuwa na kasoro moja: ilipanga treni, damu, maji na usingizi, lakini haikumpangia mtu yeyote nafasi ya kujua. Tulibeba siri mpaka mezani, na siri ndiyo iliyokaribia kumuua, si mlima.

Jumatatu saa moja asubuhi Zuhura alikuwa kwenye kiti chake cha hospitali. Kiti cha jirani alikuwapo Papa Kalonji, mlinzi mstaafu kutoka Lubumbashi, aliyekuja siku hiyo kwa sababu siku yake, juzi, mashine ilikuwa mbovu. Zuhura alimsimulia safari yote, kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia. Nilikuwa mlangoni na jaketi lake. Sikuwahi kumsikia akilitaja jambo hili kwa sauti.

Papa Kalonji alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, kumbe mutu anaweza kwenda mbali na hii maladi ya figo? Miye niko na mutoto Bruxelles, kule Ubelgiji. Miaka munane sijamuona na macho."

"Mashine yako ni siku gani?" Zuhura aliuliza.

"Mardi, jeudi, samedi," alijibu kwa Kifaransa, yaani Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

"Basi ratiba yangu haikufai," alisema mke wangu, akaninyooshea mkono usio na sindano. "Lete karatasi. Na rula."