Muhuri wa Debe

Mheshimiwa wetu ametutoka. Redio ilimtaja wiki jana kabla ya bei ya mahindi, heshima ambayo wenzake wengi hawakuipata, na kufikia adhuhuri Thika nzima ilikuwa imekwisha kugawana kumbukumbu zake. Wasomaji wawili wamenisimamisha barabarani kuniuliza kama nitamsema vibaya. Nilimjua, nilimpenda, na alinichosha. Hayo matatu nitayaandika, zaidi ya hayo sina.

Tulijuana miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Mimi nilikuwa mwalimu mchanga huko Ruiru, na yeye diwani wa baraza la wilaya, mwenye baiskeli moja na sauti ya kutosha mikutano miwili. Mama yangu alichuma kahawa katika shamba la Mzungu mmoja. Malipo yalikuwa kwa debe, na machoni pa nyapara debe halikujaa lilipofika mdomoni; lilijaa likishaota kilele kama sahani ya mgeni wa harusi. Kilele hicho hakikulipiwa. Kila jioni akina mama waliacha pale jasho la bure, na aliyenung'unika hakuitwa kesho yake. Siku moja diwani wetu alipita, akashuka kwenye baiskeli, akakifagia kilele cha debe la mama kwa mkono wa shati lake jeupe, kisha akamwambia nyapara aandike. Nyapara akaandika. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Sifa za mkono ule zilimfikisha Nairobi, katika Baraza la Kutunga Sheria, kwa kura za wachache walioruhusiwa kupiga. Akina mama wa kahawa hawakuwamo, lakini waliimba. Huko alijifunza kusema "kwa mujibu wa" na kuvaa koti zito Januari hadi Desemba. Nisimnyime haki yake: debe hakulisahau. Alilihutubia, akalipeleka kwenye kamati, kamati ikanywa chai, na mwishowe ikatoka kanuni kwamba kila debe la shambani likaguliwe na kugongwa muhuri wa serikali. Mkaguzi akaja na nyundo yake, akagonga. Aliyefurahi kutushinda sote ni nyapara. Sasa debe lilikuwa la serikali, na nani angethubutu kuipunja serikali? Kilele kikapanda zaidi.

Mheshimiwa akaja kwa gari kupokea shukrani zake. Mama alimngoja kwenye foleni, debe limejaa miguuni pake.

"Mheshimiwa, hapa juu kwa hii mlima, muhuri imegongwa wapi?"

Akalitazama debe kitambo. Nilitamani auinue tena mkono ule. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na koti lile halikushonewa kuinama.

"Mama, hiyo nitapeleka kwa kamati," akasema, akaangalia saa, akaenda zake. Niliona haya kwa niaba yake.

Kesho yake, saa ya kupima, akina mama waliyatua madebe yao yakiwa sawa na mdomo, wakaketi chini kando yake. Nyapara akatisha kuwafukuza wote, na tishio hilo lilikuwa na meno, kwa maana aliyefukuzwa shambani alipoteza kazi na paa kwa pamoja. Mama alikuwa na watoto wanne nyuma yangu. Hakuinuka, wala wenzake hawakuinuka. Kahawa mbivu nayo haina subira. Ikilala bila kumenywa inachacha, na hilo mwenye shamba alilijua vizuri. Jua lilipoanza kushuka akaja mwenyewe, akaamuru madebe yapokelewe jinsi yalivyo. Vilele vikaishia hapo.

Jumamosi tulimzika Mheshimiwa. Kila aliyeshika kipaza sauti alimwita mkombozi wa wachumaji, na kwa maelezo yao kilele kiliondolewa na kanuni. Hakuna aliyetaja wanawake walioketi. Mimi nilikasirika, nikamwinamia mama, ambaye sasa ni ajuza, nikamwuliza kama nisimame niwasahihishe. Akanishika goti nisiinuke.

"Wacha wamsifu," akasema. "Kama hangetuangusha siku hiyo, tungekuwa bado tunamngojea."