Ersilia na Miti Iliyolala

Ersilia hakuweza kutulia tangu siku alipoletwa. Mumewe, Kassian, alimtoa nchi ya chini kwenye mashamba ya mpunga, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona mpaka macho yachoke. Huku kijijini kwetu Innerlahn mlima unaanzia nyuma ya jiko. Walifika Novemba, na baada ya wiki Kassian akarudi kwenye kazi yake ya kuchimba handaki la reli, akamwacha mkewe na mama mkwe, Kreszenz, ambaye miguu ilikuwa imemkataa.

Kuni zilipopungua, Kreszenz alimwambia, "Panda hapo juu, mwanangu. Miti iliyokufa ni halali ya kila mtu. Mibichi usiguse."

Ersilia akapanda na shoka. Mteremkoni kulikuwa na misonobari mizito, myeusi kwa ubichi wake, na katikati yake miti mingine iliyosimama uchi, haina jani hata moja, matawi ya kijivu yakiwa na vinundu vinundu kama ugonjwa wa ngozi. Aliona huruma. Akachagua mitatu iliyokuwa juu kidogo ya nyumba yao, isimpe shida ya kuburuta.

Mti wa kwanza ulimtesa. Gome lilikuwa nene, na ndani mbao nyekundu, ngumu kuliko alivyotarajia mzoga kuwa. Utomvu ukamganda vidoleni, ukinukia vizuri. Moyo ulimwuma kidogo, lakini baridi ilikuwa kali na mama mkwe alikuwa akitetemeka nyumbani, basi akaendelea. Hakujua kukata chini; visiki aliviacha virefu, vikimfika kiunoni.

Wa tatu ulikuwa umeshaanguka alipofika babu yangu Veit, aliyekuwa mlinzi wa msitu wa kijiji. Nyumba yetu ilikuwa jirani na yao, ng'ambo ya kijito.

"Nani kakutuma?"

"Mama kasema nichukue iliyokufa, Mzee Veit."

"Na hii imekufa?"

"Haina jani."

Babu alivunja kitawi, akakwangua ganda kwa ukucha, akamwonyesha ukijani uliokuwa chini yake. Kisha akamwekea kidole kwenye kimoja cha vile vinundu. "Hapa patatoka majani, shada zima, membamba kama sindano. Na hivi vitunda vidogo vilivyosimama wima ndivyo vyenye mbegu. Huu ni mlachi. Unavua majani kila vuli. Umelala tu."

"Msonobari gani unaovua majani?"

"Ndiyo maana si msonobari."

Ersilia akakaa juu ya gogo. Babu alikuwa haangalii tena mti, anaangalia juu, kwenye genge tupu lililo juu ya msitu. Ndipo akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba miti ile haikatwi kwa sababu ndiyo inayoshika theluji isiporomokee nyumba.

Habari ilifika kanisani kabla yake. Wanawake walimwita Mpunga. "Mpunga, mnara huu nao hauna majani," mmoja alimwambia mlangoni. "Utaukata lini?" Wakacheka, ila waliokaa upande wake wa kijito, chini ya mteremko ule, hawakucheka.

Theluji ikaanza. Kila ilipozidi, Ersilia alizidi kuhangaika. Alikuwa akikoroga ugali wa mahindi, na mwiko mkononi anakwenda dirishani, anatazama lile pengo la miti aliyoikata, anarudi, ugali umeungua.

"Keti basi," Kreszenz alimwambia. "Unanitia kizunguzungu."

"Mama, tuhamie kwa Mzee Veit."

"Mimi kitandani kwangu sitoki. Nenda wewe."

Hakwenda. Asubuhi moja alichukua kamba, akapanda peke yake, akaanza kusukuma gogo la kwanza lilale kukingama mteremko, likiegemea vile visiki virefu, lizuie theluji. Babu alimwona kutoka dirishani. Alinuna, akavaa viatu, akaita wanaume wawili. Huko juu akamwambia, "Ungejua kukata mti vizuri tusingekuwa na pa kuegemeza." Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya wema kwake. Wakayafunga magogo yote matatu.

Mwishoni mwa Februari ukavuma upepo wa joto, ule unaolegeza theluji. Mchana Ersilia alikuwa anakamua mbuzi aliposikia mlima ukiguna. Alikimbilia ndani, akamlalia Kreszenz. Gogo moja lilivunjika. Mawili yalishika, na poromoko la theluji likapasuka pande mbili. Upande mmoja uliishia kijitoni. Mwingine ulichukua paa la ghala la nyasi na kuliangusha banda. Walifukua mbuzi mpaka jioni, wakampoteza mmoja. Kreszenz alipotolewa nje kwa mara ya kwanza tangu vuli, alilitazama ghala lisilo na paa, kisha mkwewe, akasema, "Sasa utaketi?"

Hakuketi. Babu alimfundisha kupasua vigae vya mbao vya kuezekea kutoka kwenye magogo yale yale. Mlachi hauogopi mvua, na uliokulia juu, polepole, unapasuka umenyooka kama uzi. Kassian aliporudi Pasaka alimkuta mkewe juu ya ghala, misumari mdomoni.

"Nimeambiwa umekata msitu," alisema.

"Nipe hiyo nyundo."

Mwezi wa Mei alipanda pengoni akaona milachi iliyobaki imechipua, ukijani laini usiochoma mkono, na chini yake nyasi, maana mlachi hauzuii jua. Alikaa huko mpaka wakamtafuta. Mwaka uliofuata akapanda miche. Vigae vyake viko juu ya nyumba nyingi za bonde hili, na majeraha yetu ya utotoni aliyapaka utomvu uliochemshwa na mafuta ya nguruwe.

Kassian alikufa miche ile ikiwa na unene wa kifundo cha mkono. Wanawake wa kanisani walishasahau jina la Mpunga. Ersilia mwenyewe mlima hakuuamini kamwe. Kila ulipovuma upepo wa joto alivuka kijito kuja kwetu, akakaa karibu na jiko akifuma soksi. Mama yangu alimbembeleza avue viatu, miguu ipate moto.

"Niko sawa, binti yangu," alisema, na akabaki navyo.