Glasi Tatu Mbele ya Wakwe

Barua ya wakwe ilifika Muheto ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa anaoa, aliisoma mbele ya Mama akiwa amesimama wima kama mwanafunzi mbele ya ubao. Mbuzi, sawa. Chumvi, sawa. Blanketi ya nyanya wa binti, koti la baba mdogo wake, panga jipya, yote sawa. Alipofika mstari wa mwisho alikohoa.

"Bia ya chupa, ile ya kizibo chekundu. Kasiksi, hapana."

Mama aliweka chini kisu alichokuwa anamenyea viazi.

Katika Muheto na vilima vyote vinavyotazamana nayo, hakuna anayetengeneza kasiksi, yaani pombe yetu ya ndizi, kama Mama. Yeye huivisha ndizi shimoni, huzikamua kwa majani mpaka maji yake yanatiririka kama asali, hutia unga wa mtama uliokaangwa, kisha hufunika na kuacha. Baada ya siku mbili, ukipita karibu na nyumba yetu unasikia pombe inanong'ona peke yake. Watu wameoana kwa kasiksi ya Mama, wamepatanishwa juu ya mashamba kwayo, wamezikana kwayo. Na sasa watu wa Kashebere, kule Walikale, walikuwa wameandika kwa wino kwamba haitakiwi.

"Banataka maji ya manjano," alisema Mama. "Nimezaa mutoto, nimemulea, leo namuozesha, kisha nipelekee batu maji ya manjano?" Akanigeukia. "Na wewe, wewe mwenyewe, njo unayapika!"

Hilo lilikuwa kweli. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nafanya kazi katika labo, yaani maabara, ya kiwanda kimoja cha bia mjini, na wakati huo nilikuwa nyumbani kwa likizo. Jina la kiwanda sitalitaja. Itoshe kusema vizibo vyetu ni vya bluu, na wenye vizibo vyekundu ni wapinzani wetu. Kazi yangu ilikuwa kupima bia, kuinusa na kuionja kabla haijatoka. Mama aliwaambia majirani kwamba natumika katika hospitali ya pombe.

"Mama, haiko maji," nilisema. "Iko kazi."

"Kazi gani? Eleza. Viazi bado ni vingi."

Basi nikachukua kisu cha pili, nikaeleza huku namenya. Nilimwambia kwamba kuna nafaka ya nchi za baridi, shayiri, dada yake ngano. Inaloweshwa, inaoteshwa, inakaushwa, inasagwa. Kiwandani tunaichanganya na mchele au mahindi ndani ya maji ya moto, ya moto tu, si ya kuchemka, mpaka uwanga wake unageuka sukari.

"Mchele wa nini?"

"Ili bia iwe nyepesi, isikae nzito tumboni. Tena mchele ni rahisi kuliko shayiri."

"Aaa! Ubahili."

"Kidogo," nilikubali.

Niliendelea. Tunachuja, tunachemsha pamoja na maua fulani machungu yanayotoka mbali, tunapoza, tunatia chachu. Chachu ya Mama hufanya kazi kwenye joto, kwa haraka na kelele. Yetu tunaiweka kwenye baridi, inakula sukari polepole siku nyingi. Kisha bia inalazwa kwenye mapipa baridi zaidi, majuma, mpaka takataka zote zinatua chini. Ndipo tunaichuja tena, tunaitia ndani ya chupa, na chupa zenyewe zinapitishwa chini ya mvua ya maji ya moto ili bia isiharibike njiani.

"Majuma!" Mama alicheka mpaka kiazi kikamponyoka. "Pombe inalala majuma? Iko mugonjwa?"

"Inalala ili chupa ya leo na chupa ya mwaka jana zifanane, Mama. Hakuna kosa linaloweza kujificha mle. Kasiksi iko na rangi, iko na mtama, iko na utamu, ukikosea kidogo nani atajua? Bia nyepesi ni kama shati jeupe kwenye barabara ya Masisi. Tone moja tu la matope, kila mtu anakuona."

"Nikikosea?" aliuliza Mama, na nikajua nimekosea mimi. "Mimi nilikosea lini?"

Viazi vilivyobaki nilivimenya peke yangu.

Kasiye za bia, yaani kreti za chupa, zilipanda kutoka mjini kwa kamyo, lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Mkatoliki aliyetundika rozari mbili kwenye kioo, moja ya kupanda vilima na moja ya kushuka. Barabara zetu mara zinafungwa, mara zinafunguka, na juma lile zilikuwa wazi, kwa hiyo alikuwa amepita Mubambiro na Sake alfajiri bila kusimama hata kununua ndizi. Sisi tulimngoja njiani na mbuzi wetu, blanketi, koti na panga. Aliposhuka kutufungulia nyuma, alifanya ishara ya msalaba.

"Mama, iko shida kidogo. Kule depo vizibo vyekundu vilikwisha. Nusu njo nyekundu. Nusu ni bluu."

Mdogo wangu alishika kichwa. Mama aliangalia kasiye za bluu, akaniangalia mimi, kisha akapanda mbele kwa furaha ambayo sikuielewa. Niliielewa tulipofika kwenye matope makubwa, kamyo likaanza kucheza huku na huku kama bwana harusi, na chini ya kiti cha Mama ukasikika mlio: pwaa! Kumbe alikuwa ameficha bidon, dumu zima la kasiksi, ndani ya blanketi ya nyanya wa binti. Kifuniko kiliruka. Povu la ndizi lilimrukia usoni mwenye kamyo, aliyekuwa anaendesha, likaloanisha rozari zote mbili.

"Yezu wangu!" alipiga kelele yule mwenye kamyo, akalamba mdomo. Akaulamba tena. "Mama. Hii iko tamu."

Tulisukuma kamyo sisi sote, mimi na gauni langu la sherehe nimelifunga kiunoni, tunacheka mpaka nguvu zinatuishia. Mbuzi peke yake ndiye aliyebaki juu na heshima zake.

Kashebere walitupokea kwa kwaya. Viti vilipangwa uani, wao upande mmoja, sisi upande mwingine, na katikati alikaa msemaji wao, baba mdogo wa binti. Alikuwa mwindaji, mtu mpana, mwenye kofia ya ngozi na sauti ya kuita mbwa ng'ambo ya msitu. Watu wa kule ni Wakristo, lakini yeye kabla ya kunywa humwaga kwanza tone chini kwa ajili ya waliotangulia, na mchungaji aliyekaa karibu naye hutazama juu wakati huo kana kwamba anahesabu mawingu.

Mbuzi alikubaliwa. Koti lilimbana kidogo lakini lilikubaliwa. Kisha kasiye zikaletwa, na yule mwindaji akainama, akatoa chupa moja, akaishika kwa vidole viwili.

"Bluu?" alisema. Kwaya ikakatika katikati ya ubeti. "Hii iko maji. Tuliandika nyekundu. Munataka nimwagie bakubwa maji?"

Mdogo wangu alianza kutoa maelezo ya depo, lakini nani angemsikia? Mama alikuwa ameshaanza kucheka.

"Papa," alisema, "hata ile nyekundu iko maji. Yote iko maji."

Upande wa kwao mtu alipiga mruzi. Bibi harusi alifunika uso kwa kitenge. Mwindaji alisimama.

"Mama mukwe, mi najua nyekundu kama najua mbwa yangu. Hata munifunge macho!"

Nilisikia mtu anasema, "Basi tumufunge macho, Papa." Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kiwandani tuna mchezo ambao si mchezo. Unaweka glasi tatu. Mbili zina bia moja, ya tatu ina nyingine, na mwonjaji hajui ipi. Kazi yake ni kuonyesha ile iliyo tofauti, basi. Inaonekana rahisi, lakini nimewaona wakubwa wenye tai wakitoka katika chumba cha kuonjea wamejikunja. Nilimweleza yule Papa mbele ya wote, na kwa sababu ua mzima ulikuwa unamtazama, hakuweza kukataa. Mke wa mchungaji alitoa kitambaa chake cha kichwa. Tukamfunga.

Nilijaza glasi nyuma ya mlango, nikazileta. Alinusa kwa kishindo, akanywa, akalamba midomo, akainua ya kwanza. "Hii njo tofauti!"

Haikuwa hiyo. Watu wakaguna.

"Upepo ulinisumbua," alisema.

Mara ya pili alikunywa polepole, kichwa kimeinama kama anayesikiliza nyayo za mnyama. Akakosea tena. Mara ya tatu alionja zote, akarudia, akavimba kwa uhakika, akasema, "Munanichezea! Zote tatu ni bluu!"

Mbili zilikuwa nyekundu.

Kicheko kilichopasuka pale kiliwarusha kuku juu ya paa. Mchungaji alilia machozi. Mwindaji aling'oa kitambaa, akatazama glasi, akanitazama mimi, na kwa sekunde moja niliogopa nimeharibu ndoa ya mdogo wangu. Kisha bega lake moja likaanza kutikisika, likafuata la pili, akacheka kuliko sisi sote.

"Ni uchawi ya labo!" alipaza sauti. "Mama mukwe naye ajaribu!"

Mama hakuwahi kutia bia ya chupa mdomoni. Alifungwa macho, akaketi amenyoosha mgongo, mikono juu ya magoti. Nilimletea glasi tatu. Hakunywa kwa haraka. Alinusa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaonja kila moja kama mtu anayeonja chumvi ya mboga.

"Hii," alisema.

Ilikuwa hiyo. Nikabadilisha. "Hii." Nikabadilisha tena, nikampa nyekundu mbili na bluu moja. "Hii. Usinisumbue tena."

Mara zote tatu alipata.

"Mama mukwe," aliuliza mwindaji, na safari hii kwa sauti ndogo, "unajuaje?"

"Kwani nyinyi hamusikie? Hii moja iko na ndizi ndani. Kwa mbali. Ndizi ya kuiva."

Niliketi chini palepale kwenye udongo. Maana ni kweli. Chachu ya bia, ikipata joto zaidi kidogo tu kuliko inavyotakiwa, hutoa harufu ya ndizi mbivu, na ile ya kiwanda chetu inayo tabia hiyo. Kila juma mkubwa wangu hupigana nayo kwa baridi, na mimi ilinichukua mwaka mzima wa mafunzo kuisikia. Mama aliisikia kwa mnuso mmoja, ameketi mbele ya wakwe, macho yamefungwa kwa kitambaa cha mke wa mchungaji.

Hakuishia hapo. Aliomba chupa nyingine ya bluu, kutoka kasiye nyingine. Akanusa, akaonja. Na nyingine. Na nyingine. Nilidhani ameanza kuipenda, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya kazi.

"Iko moja," alisema polepole. "Zote ziko moja. Hii ilipikwa lini?"

Nilisoma maandishi ya chupa. Zilitofautiana miezi.

"Kiangazi na mvua?"

"Kiangazi na mvua, Mama."

"Na huyu mupishi, ndizi hiyo anaizuia isizidi, kila mara?"

"Iko mashine. Lakini mashine haina pua. Njo maana tuko watu wa kuonja."

"Pua ni nani?"

"Mimi ni mumoja wao."

Alifungua kitambaa akanitazama kwa muda, kama mtu aliyekutana sokoni na jirani aliyedhani amehama. Alinishika tu pua yangu kwa vidole viwili, akaitikisa, na watu wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena rangi ya kizibo. Mwindaji alimwaga tone la bluu chini bila manung'uniko. Kisha alinusa hewa, akaifuata pua yake mpaka kwenye ile blanketi iliyolowa, akaliona bidon. "Na hii?" Kufika jioni kasiksi ilikuwa imekwisha, na Mama alikuwa kwenye chupa yake ya pili akieleza wanawake wa Kashebere kwamba bia hii inaingia polepole kama mugeni mwenye adabu, hagongi mlango kwa nguvu.

Mimi sijawahi kusema bia nyepesi ni tamu kuliko kasiksi. Si kweli, na siku hiyo hakuna aliyeihukumu hivyo. Ni kinywaji cha watu wengi, cha bei ya watu wengi, kina mchele kwa sababu ya ubahili, na mara nyingi hunywewa na mtu asiyeifikiria hata kidogo. Lakini kuna watu wanaoamka kila siku ili yule asiyeifikiria asipate sababu ya kuifikiria. Nadhani hiyo ni adabu ya aina fulani, na ukiipuuza, si bia tu unayoidharau, unadharau na mikono inayoipika.

Asubuhi yake wanawake wa kule walimshika Mama asiondoke. Walikuwa na ndizi nyingi na hawakuwa na anayejua kuzikamua vizuri. Alikubali kubaki majuma mawili, akanituma nimwambie jirani alishe sungura wetu. Mdogo wangu naye alibaki na mke wake. Nilirudi peke yangu, nimekaa nyuma juu ya kasiye za chupa tupu, na kwa kila shimo la barabara chupa zote ziliruka na kugongana kwa pamoja, nyekundu na bluu, kelele ya ajabu inayoteremka vilima vya Masisi. Watoto walikimbia kando ya njia wakipiga makofi. Mwenye kamyo alitoa kichwa dirishani.

"Dada, unachekea nini huko nyuma?"

Nilikuwa nimeshika kasiye kwa mikono miwili, meno yanagongana, nacheka.