Seva Iliyopandishwa Ghorofani

Mama mdogo wangu ana karakana ya kudarizi hapa Gisenyi, upande wa Nengo, katika nyumba ambayo chini ni mashine na juu ni stoo ya mapazia. Alirudi kutoka Goma na cherehani mbili, Kifaransa cha shule ya masista, na imani kwamba kila kitu chenye waya ni kazi yangu. Nilisoma kompyuta chuo kikuu. Kwa hiyo nimeshamtengenezea pasi, redio, na mara moja mlango wa friji.

Mashine ya kudarizi yenyewe haina akili. Inapokea mchoro kutoka kwenye kompyuta iliyo kando yake, na kompyuta nayo inauchota mchoro kutoka kwenye seva: sanduku la chuma la kijivu lililokaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, bila kioo, bila kibodi, na bila kuzimwa kwa miaka, kwa kuwa umeme ukikatika lilishikiliwa na betri ya ukutani. Sanduku hilo lililetwa na mradi fulani wa kuinua wanawake. Mradi uliwainua wanawake kwa muda wa bajeti yake, ukapiga picha, ukaondoka.

Kisha radi ikaua kompyuta ya kando. Sanduku lilinusurika, pengine kwa sababu hata radi haikulitambua. Nikaweka kompyuta mpya yenye mfumo mpya, nikajisifu kidogo, na ile mpya ikakataa kabisa kuliona sanduku.

Sababu ni rahisi, ingawa inaudhi. Sanduku hugawa faili zake kwenye mtandao kwa lugha ya kizamani. Kiini cha kompyuta, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayozungumza na vyombo vyote, zamani kilikuwa kinaijua lugha hiyo. Baadaye wanaokitunza waliifuta, wakaeleza kwamba hakuna mtu anayeitumia tena. Ningependa waje wamwone huyo hakuna mtu. Amevaa miwani, ana sindano tatu mdomoni, na anauliza kwa nini nimeharibu masini yake.

Ingekuwa ni nembo za sare za shule tu, ningemwambia achore upya. Lakini mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, alikuwa anaolewa Jumamosi. Mama yetu, kabla hajafa, alichora ua moja kwa mkono wake, na mama mdogo akaligeuza kuwa mchoro wa mashine. Dada zetu wakubwa wote waliolewa na ua hilo kwenye umushanana wao, vazi la sherehe la Kinyarwanda, kwenye ukingo wa ule mtandio unaopita begani. Karatasi ya mama ilipotea tulipohama. Ua lilibaki ndani ya sanduku, basi.

"Yaya," mdogo wangu aliniambia, kwa sababu ndivyo tunavyomwita mkubwa, "ukumbi wachague, chakula wachague. Mi nataka ile ua tu."

"Mashine ina maua mengine elfu."

"Bibi harusi pia iko elfu. Uwape hao."

Nilifikiria kuchomoa diski yenyewe, lakini waya wake ni wa aina ambayo siku hizi huonekana kwenye picha tu. Ikabaki njia moja. Nilipakua msimbo wa kiini cha zamani, cha mwisho kujua lugha ile, nikaanza kukipanga upya kwenye kompyuta yangu.

Kupanga kiini ni kujibu maswali. Je, unataka hiki? Je, kile? Chini ya kila swali kuna maelezo mafupi, na mengi kati yake huishia na shauri lile lile: ukiwa na shaka, jibu hapana. Nilisoma sentensi hiyo kwa upendo wa kweli. Kanisani, kwenye vikao vya ukoo, kazini, nimeitwa mkaidi kwa kufuata shauri hilo hilo. Hatimaye nimepata jamaa wanaonielewa, na ni menyu.

Bahati mbaya, ili kumpata mama ilibidi nijibu ndiyo. Ndiyo kwa mifumo ya faili ya kizamani. Ndiyo kwa kitu kilichoandikwa wazi kwamba si salama. Na chaguo nililolihitaji hasa halikuonekana popote, kwa sababu hufichwa mpaka ukubali kwanza jingine lililo juu yake. Hilo nililielewa upesi. Nimezaliwa katika ukoo ambao huwezi kuzungumza na mjomba kabla hujamsalimia baba mkubwa.

Mama mdogo alipiga simu mchana. "Unafanya nini sasa?"

"Najenga kiini. Noyau."

"Noyau kama ya avoka?"

"Kama ya avoka," nilikubali, maana kwa Kifaransa kokwa ya parachichi na kiini cha kompyuta ni neno moja.

"Na inaiva lini?"

Umeme ulikatika, ukarudi, nikaanza tena. Alhamisi jioni kikaiva. Nikamwandikia ujumbe: kiini kiko tayari, kesho asubuhi nakuja kumonter serveur.

Katika kazi yetu, neno monter lina maana ya kuziunganisha faili zilizo mbali na mfumo wako, mpaka uzione kama zimo ndani. Nilitumia Kifaransa kwa heshima, kwa sababu ndicho anachokipenda. Sijui nilitarajia nini.

Ijumaa asubuhi, chini ya meza palikuwa na mraba safi wa sakafu uliozungukwa na vumbi.

"Seva iko wapi?"

"Tumeshamonter," alisema mama mdogo, akifurahi. "Nilimwita zamu, ule mlinzi wa geti, tukaibeba naye polepole. Iko juu, kwenye mapazia. Kule iko hata hewa." Nikakumbuka kwamba kwa Kifaransa cha masista, monter ni kupandisha juu.

"Mliizima?"

"Bon, kitu iko na waya kwenye ukuta, utaibeba namna gani?"

Nilimweleza kwamba diski iliyozunguka miaka yote bila kusimama, ikisimama, inaweza isizunguke tena. Akakaa kwenye kiti. Akazitoa sindano mdomoni.

"Kwa nini haukuandika Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili wanasema kupachika."

"Basi ungeandika kupachika."

"Ungeelewa?"

"Hapana. Lakini nisingeibeba."

Mdogo wangu alikuwa ameingia na mtandio wake umekunjwa kwenye mfuko. Alikuwa amesikia yote. Akapanda ngazi mbele yetu.

Nilichomeka waya wa umeme. Sanduku likakaa kimya. Likatoa mguno mmoja, likanyamaza, na mama mdogo akashika pazia. Kisha ukaja mlio mwembamba, ukapanda, ukatulia. Tulipitisha waya wa mtandao dirishani mpaka chini, nikaandika amri kwenye kompyuta yangu niliyokuja nayo, na kiini changu cha avoka kikafungua orodha bila swali. Majina yote yalikuwa kwa herufi kubwa, yamekatwakatwa, kwa sababu sanduku haliruhusu zaidi ya herufi nane. Moja tu lilitosha bila kukatwa: UALAMAMA.

Nilinakili kila kitu mahali pengine kabla ya mtu yeyote kupumua.

"Sasa tuishushe?" aliuliza mama mdogo.

"Isiguswe."

Mashine ilipoanza kudarizi, mdogo wangu alivuta kigoda akaitazama sindano. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Na huyu bwana wako, una hakika naye?"

"Sina."

"Wataalamu wanashauri, ukiwa na shaka, jibu hapana."

"Na we ulijibu nini kwa masini yako?"

"Ndiyo. Karibu kila mahali."

Petali ya kwanza ilikuwa imekamilika, imepinda kidogo kushoto, kama zilivyopinda za dada zetu.

"Basi sogea, yaya," alisema. "Unanizibia mwanga."