Mabuye ya Radio Juani

Juzi ordinatere, ile kompyuta ya mujukuu wangu Furaha, ilizimika yenyewe, ikawaka, ikazimika tena. Furaha akaifungua, akapuliza vumbi. "Koko, iko na joto mingi. Inakosa hewa." Nikakumbuka radio ya baba, kule Masisi, na harufu ya maharagi motoni.

Alasiri moja, nikiwa mutoto, baba alingojea habari ya shangazi, mugonjwa kule Walikale. Mutangazaji akataja jina la shangazi, halafu sauti ikakatika. Mama akaweka mikono kichwani. Mimi nikajua: shangazi amekufa, njo maana radio imenyamaza.

Baba akatoa betri, zile tulizoita mabuye, yaani mawe, akazipanga juu ya jiwe kubwa. "Zimechoka tu. Jua litaziamusha."

Nikafikiri jua litamuamusha shangazi. Nikakaa pale. Kila kivuli cha mugomba kilipokaribia, nilisogeza mabuye. Ng'ombe ya jirani ikaleta pua yake yenye maji, nikaipiga kofi.

"Angalia, mutoto huyu anachunga mabuye!" mama akacheka, machozi yangali machoni.

Mabuye yalipopata joto, baba akayarudisha ndani ya radio. Radio ikakoroma, ikasema. Tukangoja mupaka tangazo likarudiliwa: shangazi amepona, muntu aende kumuchukua. Wote wakashukuru radio. Mimi nilijua nani amemuponesha.

Leo ninajua yalikuwa mabuye tu. Lakini Furaha aliposema ordinatere ipumuzike, niliivuta polepole mbali na jua la dirisha, nikakaa karibu nayo.

"Koko, acha, itapona yenyewe."

"Wewe endelea na kazi yako," nilimujibu. "Mimi ninaichunga."